Risiti 41 na Diski Tatu: Somo la Hifadhi ya Kikoba Chetu Muscat

Mwanakikoba mwenzetu mmoja, dada wa Tanga anayefanya kazi za ndani hapa Muscat, alituma hela nyumbani kwa miaka minne ili anunuliwe kiwanja. Hela zote zilipitia kwa kaka yake. Risiti zilikuwa 41, kazifunga kwa mpira ndani ya mfuko wa nailoni chini ya godoro. Siku alipotuletea tulikuta nyingine zimeshaanza kufifia. Karatasi zile za mashine maandishi yake hutokea kwa joto, na joto hilohilo la huku Ghuba ndilo linaloyaharibu. Tukamwambia, dada usijali, tutazipiga picha zote tuziweke kwenye kompyuta ya kikoba. Tukaenda mbali zaidi, tukamwambia hizo karatasi sasa unaweza kutupa.

Wiki tatu kabla ya kikao cha familia cha kumaliza hesabu za kiwanja, kompyuta ile ikagoma kufunguka. Diski moja kati ya tatu ilikuwa imekufa, na zile mbili nzima zikawa hazina maana yoyote.

Sisi ni wahasibu, tunashika vitabu vya kikoba hiki. Tungeweza kunyamaza. Tumeona bora tueleze tulikosea wapi, tulijenga nini baada ya hapo, na tunakitunzaje mpaka leo. Kama mna kikoba, mchezo, au mko mafundi wanane chumba kimoja, mnaweza kufanya hivihivi. Kama huwezi, basi utajua cha kumuuliza mtu anayekutunzia karatasi zako.

Tulivyoanza

Kikoba chetu kina watu 16: kina dada wa kazi za ndani, madereva, mafundi umeme na mafundi ujenzi. Kumbukumbu zetu zilikuwa kila mahali. Daftari la michango liko kwenye laptop ya mtu, nakala za pasipoti kwenye simu ya mwingine, mikataba ya kazi kwa katibu, picha za msingi wa nyumba kule kijijini zipo WhatsApp. Simu ikidondoka majini au ikiibiwa, kipande cha maisha ya mtu kimeondoka nacho.

Tukapata kompyuta chakavu na diski tatu kuukuu, mbili za GB 500 na moja ya GB 250. Tukaziunganisha kwa programu zikaonekana kama diski moja ya GB 1,250. Ukifungua unaona folda moja tu, imeandikwa KIKOBA. Tulifurahi sana. Tulijiona wataalamu.

Hifadhi pepe ni nini hasa

Kitu tulichokifanya kina jina: hifadhi pepe, yaani diski nyingi kujificha nyuma ya jina moja. Ukitaka kukielewa, fikiria kikoba chenyewe. Mmoja analeta riali 5, mwingine 10, mwingine 20. Zikiingia kwenye mfuko, anayekopa hakopi noti ya fulani, anakopa kwa mfuko. Noti ipi ilitoka kwa nani ni kazi ya daftari.

Diski nazo ziko hivyo. Katikati kuna programu. Wewe unahifadhi picha ya risiti, programu inaikata vipande, inaviweka inapotaka, halafu inaandika kwenye daftari lake kipande gani kiko wapi. Daftari hilo likipotea, vipande vipo lakini hakuna awezaye kuviunganisha. Ni sawa na sanduku la kikoba lenye hela tele na daftari limeungua.

Ofisi kubwa kama benki na hospitali zinafanya hivi kwa mamia ya diski za kampuni mbalimbali, zimeungwa kwa mtandao wake zenyewe. IBM ilitoa mtambo wa kazi hiyo mwaka 2003, ukaitwa SAN Volume Controller. Faida yake ni kwamba diski moja inaweza kutolewa na kubadilishwa huku karani anaendelea kuandika, wala hajui kama kuna kilichotokea.

Wazo la kutumia diski nyingi za bei rahisi badala ya moja ya bei mbaya lilitiwa nguvu mwaka 1988 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kwenye andiko lao kuhusu kitu kinachoitwa RAID. Walisema wazi kwamba ukiongeza diski unaongeza na nafasi ya kuharibikiwa, kwa hiyo lazima uweke ziada ya kufidia itakayokufa. Sisi tulichukua nusu ya kwanza ya wazo, ya kuunganisha. Nusu ya pili tukairuka.

Kosa letu kwa hesabu

Tukae na kalamu kidogo. Tuseme kila diski ina nafasi 5 kati ya 100 ya kufa ndani ya mwaka. Ukiunganisha tatu kama tulivyofanya, ikifa yoyote umepoteza zote. Nafasi ya kupoteza kila kitu inapanda hadi karibu 14 kati ya 100. Yaani tulipata nafasi kubwa ya kuhifadhi, na hatari tukaizidisha karibu mara tatu bila kujua.

Sasa chukua diski mbili tu, kila kitu kiandikwe kwenye zote mbili kwa wakati mmoja. Ili upoteze, lazima zife zote. Hiyo ni 5 kati ya 100 mara 5 kati ya 100, sawa na robo ya moja kati ya 100. Hesabu hii inasimama kama diski hazihusiani. Ukinunua mbili za fungu moja, siku moja, duka moja, zinaweza kuwa na ugonjwa mmoja. Nunua maduka mawili.

Dada aliishia wapi

Alikwenda na kitambulisho chake kwenye ofisi ya kutuma hela. Walimchapishia miamala yote iliyokuwa kwa jina lake: 26. Nyingine 9 tulizikuta WhatsApp, alikuwa amempigia picha kaka yake akamtumia. Zikabaki 6. Hizo sita hazikuwa kwa jina lake. Miezi ile hakupewa siku ya mapumziko, akawa anampa rafiki amtumie, na rafiki alishamaliza mkataba akarudi kwao Uganda.

Risiti sita, jumla riali 310. Kikao kilikubali 35 zenye ushahidi, na 310 zikahesabiwa kama hazikutumwa. Kwa mshahara wake wa riali 90, hiyo ni zaidi ya miezi mitatu ya kudeki, kupika na kulea watoto wa watu. Tulichangishana tukampa riali 100 za pole. Alipokea, akashukuru. Lakini hesabu haikubalansi, na sisi ndio tuliomwambia atupe karatasi.

Safari ya pili: vifaa na gharama

Mara hii tulileta bajeti mbele ya kikao:

- Kompyuta ya mitumba yenye RAM ya GB 8 na SSD ndogo ndani yake: riali 35
- Diski mbili mpya za TB 2, kila moja riali 25: riali 50
- Diski moja ya nje ya TB 2, ile ya kuchomeka kwa USB: riali 25
- UPS ndogo ya kushikilia umeme ukikatika: riali 18

Jumla riali 128. Tukagawa kwa watu 16, kila mtu riali 8, kwa awamu mbili. Bei hizi ni za siku zile tuliponunua, ulizeni zenu.

Programu hatukununua. Tulitumia TrueNAS, ambayo mpaka 2020 wengi waliijua kwa jina la FreeNAS. Toleo lake la bure linatosha kabisa. Ndani yake kuna mfumo uitwao ZFS, uliotengenezwa na kampuni ya Sun Microsystems na msimbo wake ukaachiwa wazi mwaka 2005. Tuliupenda kwa sababu moja ya kihasibu: kila kipande cha data unakiwekea namba ya uhakiki, kama sisi tunavyojumlisha safu chini na pembeni kuona kama zinakubaliana. Data ikiharibika kimyakimya, namba inakataa, na mfumo unajua.

Hatua kwa hatua

1. Pakua TrueNAS, iandike kwenye flashi, halafu isakinishe kwenye ile SSD ndogo. Angalia usichague diski za data. Inayochaguliwa inafutwa yote.

2. Unga kompyuta kwenye rauta kwa waya wa mtandao. Wi-Fi inakatikakatika, hifadhi haitaki hivyo. Kioo cha kompyuta kitakuonyesha anwani yake, iandike kwenye kivinjari cha laptop na utafika kwenye ukurasa wa kuiendesha. Baada ya hapo haihitaji kioo wala kibodi.

3. Tengeneza mfuko wa diski, kwao unaitwa pool. Utaulizwa mpangilio. Chagua Mirror, yaani kioo: diski mbili zinabeba kitu kilekile. Usichague Stripe, ndiyo iliyotumaliza mwanzo. TB 2 jumlisha TB 2 utaona TB 2 tu. Usiumie roho. Ile nyingine ndiyo bima yako.

4. Gawa mfuko mafungu. Sisi tuna fungu la vitabu vya kikoba na fungu la watu binafsi, kila mtu na folda yake na neno lake la siri. Vitabu kila mwanachama anasoma, wanaoandika ni wawili tu. Pasipoti na mkataba wa mtu haufungui mwingine.

5. Washa huduma ya SMB, ndiyo inayofanya folda zionekane kwenye laptop ya Windows na kwenye simu kupitia programu ya kusimamia faili.

6. Washa snapshoti, yaani picha ya hali ilivyo. Tumeiweka ipigwe kila usiku na kukaa siku 60. Haijazi diski, maana inashikilia yale yaliyobadilika tu. Mwenzetu mmoja aliwahi kufuta folda ya risiti akidhani anafuta kwenye simu yake. Tulirudisha ya jana yake kwa dakika tano.

7. Usiifungue mashine kwa intaneti. Sisi yetu inaonekana ndani ya nyumba ile tu, Ruwi. Ijumaa tukikutana kila mtu anapakia vyake. Wasiotoka wanatuma picha kwa katibu, yeye anawawekea.

Kioo si bakapu

Hapa watu wengi wanajidanganya. Diski mbili za kioo zinakulinda diski ikifa. Ukifuta faili kwa makosa, zote mbili zinatii, zinafuta. Mwizi akibeba kompyuta kabeba zote mbili. Moto hauchagui. Ndiyo maana ya ile diski ya nje. Wataalamu wana kanuni rahisi: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba. Diski yetu ya nje inakaa Seeb, kwa mwanachama mwingine. Inakuja Ruwi mara moja kwa mwezi, inanakili, inarudi.

Utunzaji

Kujenga kulituchukua Ijumaa mbili. Kutunza ni kila siku mpaka mwisho, na hapo ndipo vikundi vingi vinapolala.

Kila wiki: mwenye zamu anafungua ukurasa wa mashine na kuangalia tahadhari. Kama kuna alama nyekundu, anaandika kwenye grupu siku hiyohiyo.

Kila mwezi: ukaguzi wa mfuko mzima, kwao unaitwa scrub. Mfumo unasoma kila kipande na kulinganisha na namba yake. Kikikutwa kibovu upande mmoja, kinachukuliwa kizima upande wa pili. Pia tunaendesha kipimo cha afya ya diski kiitwacho SMART. Halafu nakala ya Seeb.

Kila miezi mitatu: jaribio la kurudisha. Tunataja jina la mtu bila kupanga, anachagua risiti yake yoyote, tunaitafuta kwenye diski ya nje kwa kutumia laptop nyingine kabisa. Isipofunguka, hatuna bakapu, tuna chuma tu.

Nafasi: mfuko usipite asilimia 80. Ukijaa sana unakuwa mzito. Video za harusi zikae kwingine.

Joto na vumbi: kiangazi cha Muscat kinapita nyuzi 40, na kama AC imezimwa mchana chumba kinakuwa tanuri. Tumejiwekea mpaka wa nyuzi 45 kwa diski. Zaidi ya hapo tunazima mashine mpaka jioni. Feni inapigwa brashi kila mwezi.

Funguo: kila tukibadilisha mipangilio tunapakua faili ya mipangilio na kuiweka kwenye diski ya nje. Neno kuu la siri wanalijua wawili, na limeandikwa ndani ya bahasha iliyofungwa kwa mwenyekiti. Sisi ni watu wa mkataba. Leo upo, kesho bosi kakukatia tiketi, umepewa siku mbili kufunga begi. Mtu mmoja asiondoke na ufunguo wa watu 16.

Gharama zake: kila mwanachama anatoa baisa 500 kwa mwezi. Mara 16 ni riali 8. Riali 3 anapewa mwenye nyumba kwa ajili ya umeme, 5 zinabaki mfukoni.

Mwezi wa 14

Diski ilikufa tena. Safari hii tulikuwa na riali 70 mfukoni. Tahadhari ilikuja Jumanne. Jumatano fundi umeme wetu alinunua diski ya riali 25. Kabla ya kuchomoa alisoma namba ya diski mbovu kwenye ukurasa, akaifananisha na namba iliyobandikwa kwenye diski yenyewe. Hili usiliruke. Ukichomoa nzima ukaacha mbovu, umejimaliza mwenyewe. Akaweka mpya, akabonyeza kubadilisha, mfumo ukaanza kunakili kutoka diski nzima kwenda mpya. Hunakili vilivyotumika tu, kwa hiyo kabla ya kulala kazi ilikuwa imeisha.

Ijumaa watu walikuja, wakapakia risiti zao kama kawaida. Tulipotangaza kwamba diski imekufa juzi, hawakuamini.

Wewe unayelala kwa bosi

Dada au kaka unayeishi nyumbani kwa bosi au kambini, huna pa kuweka mashine. Fanya haya manne.

Kwanza, tuma hela kwa jina lako kila inapowezekana. Kumbukumbu ya ofisi humfuata aliyeandikwa. Ukimtuma mtu, mwambie akupigie picha risiti palepale kaunta.

Pili, piga picha risiti siku hiyohiyo, namba ya muamala ionekane. Ipe jina la tarehe, kiasi na mpokeaji. Picha iitwayo IMG_4471 hutaiona baada ya miaka minne.

Tatu, akaunti ya Google inakupa GB 15 za bure, zinatosha maelfu ya risiti. Hiyo nayo ni hifadhi pepe. Hujui picha yako iko kwenye diski gani wala nchi gani, unaona jina lako tu. Kwa hiyo ufunguo ndio kila kitu. Washa uthibitisho wa hatua mbili, na hakikisha namba ya kurejesha akaunti si laini ya huku tu. Mkataba ukiisha, laini inabaki huku na wewe uko Tanga. Weka na namba ya nyumbani ya mtu unayemwamini.

Nne, usitupe karatasi, hata kama sisi wahasibu tumekwambia utupe. Iweke mahali pakavu na baridi mpaka jambo lake liishe.

Swali moja la kuuliza

Yule dada bado yumo kwenye kikoba. Kiwanja alikipata, kidogo kuliko alichokusudia, na kwa sasa anatuma hela za matofali. Kila Ijumaa akipata ruhusa anakuja na risiti yake, anasimama pembeni mpaka aone imeingia. Halafu anatuuliza, "Na ya pili iko wapi?" Tunamjibu iko Seeb, ilinakiliwa tarehe fulani. Akiridhika anaondoka, na karatasi yake anairudisha mkobani.

Ijumaa hii mwulize hivyohivyo anayekutunzia kumbukumbu zako. Akishindwa kukujibu, anza na risiti ya mwezi huu.